Mama, mjomba alianguka kweli?

Minneapolis, Marekani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hapo Kirumba mnaendelea vizuri na mguu wako umetulia. Sisi hatujambo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na ninachotaka kukuuliza kingebaki palepale.

Mimba imeingia wiki ya 21. Kwetu mimba haitangazwi, ndiyo maana mnaijua wewe na dada tu. Lakini kuna jambo nilikuficha. Damu waliyonipima mwanzoni ilionyesha huenda mtoto ana tatizo la kromosomu, zile nyuzi ndogo mwilini zinazobeba vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Kumbe kipimo kile husoma vinasaba vya kondo la nyuma vilivyoingia kwenye damu yangu, si vya mtoto mwenyewe, kwa hiyo kinaweza kukosea. Ili kuhakikisha, wiki ya 16 walinichoma sindano tumboni wakavuta maji ya uzazi kidogo. Nilishaambiwa kuna uwezekano mdogo wa mimba kutoka. Siku tatu niliogopa hata kukohoa.

Majibu yakaja. Walichokuwa wanakihofia hakipo: kromosomu namba 21 ziko mbili, si tatu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mle mle ofisini. Kisha daktari akasema kwenye kromosomu namba 16 wameona kipande kidogo kimejirudia. Wapo watu wenye kipande hicho na hawana shida yoyote. Wapo watoto wanaochelewa kusema, au darasani wanapata tabu. Huyu wetu atakuwa upande gani, hakuna kipimo cha kutuambia. Mama, wangeniambia ndiyo, ningelia nikajipanga. Wangeniambia hapana, ningelala. Hili la katikati nalibeba usiku kucha.

Walituuliza kama tunaendelea na mimba. Waliuliza kwa upole, hawakutusukuma popote. Tukasema tunaendelea. Njia nzima mkwe wako hakusema neno, alinishika mkono tu mpaka tukafika nyumbani.

Baadaye walitupima damu sisi wawili, na kipande kile kumbe ninacho mimi. Nimeishi nacho miaka 31. Nimesoma nacho, nimepanda nacho kivuko cha Kamanga kila likizo kwenda Sengerema kwa shangazi. Hilo limenipa nguvu kidogo, ingawa daktari alinionya kwamba mzazi kuwa salama si hakikisho kwa mtoto.

Kisha mshauri wao wa mambo ya vinasaba akachukua karatasi akachora ukoo wetu, mwanamke duara, mwanaume mraba. Tulipofika kwa mjomba wa Kayenze nikanyamaza.

Ulituambia mjomba alianguka kutoka kwenye mwembe akiwa mdogo, ndiyo maana alianza kusema akiwa na miaka saba. Bibi sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Yeye alisema, "Mwanangu huyu alizaliwa mkimya." Mama, alianguka kweli?

Sitafuti wa kumlaumu, wala sitaki kusikia habari za kurogwa. Mjomba ninayemkumbuka mimi alijua giza la mwezi linaanza lini bila kutazama kalenda, na wavuvi wa dagaa walikuwa wakipita kwake kumuuliza kabla hawajaandaa karabai. Mjomba ninayemkumbuka alikuwa akigeuza dagaa juani huku akinitengea wale waliokauka vizuri. Kama mwanangu atafanana naye, nataka kujua bibi alimfundishaje kusema, alifanya nini shule ilipomrudisha nyumbani, nani walimcheka na nani walikaa naye. Hayo maabara ya huku hayana. Unayo wewe.

Wakikuuliza kanisani, waombe watuombee tu, basi. Maelezo mengine yabaki kwetu. Kwenye altrasaundi ya wiki iliyopita moyo, mgongo na figo vilionekana sawa, na nikila ugali anapiga teke sana.

Nitakupigia Jumapili saa tatu usiku ya huko, huku itakuwa mchana. Na ukiona ni vigumu kunitamkia, keti na dada, wewe useme, yeye aandike. Hata kama itakuwa kurasa mbili tatu, nitazisoma zote.

Mwanao