Kwa mtoto wa kaka yangu: anza na vya ng'ambo, mchuzi wa bibi utakungoja

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Juzi uliponipigia usiku ukaniambia umekula chipsi mayai siku ya nne mfululizo, nilinyamaza hadi ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa natafuta jibu, na jibu lilikuwa refu kuliko salio lako. Nimeamua kuliandika hapa wazi, kwa sababu najua hauko peke yako. Wapo wenzako wengi waliotoka Wete, Mkoani na Micheweni wakaenda Unguja kusoma au kutafuta kazi, wamepanga chumba Fuoni au Kwarara, wana mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, na hawajui waanzie wapi.

Uliniomba nikufundishe mchuzi wa pweza wa nazi wa bibi yako. Nitakufundisha inshallah, ila si sasa. Mchuzi ule haufundishiki kwa simu. Lazima ulione tui la pili linavyochemka, ujue ni wakati gani la kwanza linaingia, usikie moto unapozidi kabla tui halijakatika. Bibi yako hajawahi kupima kitu hata siku moja. Kipimo chake ni jicho na harufu, na alikipata kwa kukaa jikoni na mama yake tangu utoto. Pilau hivyo hivyo, biriani ndiyo usiseme. Watu humwambia anayeanza kupika, "Anza na vya kwetu, ni rahisi." Mimi sikubaliani nao. Vya kwetu ni vitamu, lakini vingi ni vigumu, na anayeanza navyo akaharibu mara tatu hukata tamaa akarudi kwenye chipsi.

Miaka sita niliyofanya kazi jikoni katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, niliona wageni wanapochoka na karamu huomba chakula wanachopika kwao siku za kazi. Chakula hicho karibu siku zote kilikuwa na vitu vitano au sita, kikaango kimoja, na nusu saa. Ndicho ninachotaka uanze nacho. Mkono ukishazoea kisu, na pua ikishajua tofauti ya thomu iliyoiva na iliyoungua, utakuja Pemba na bibi yako hatapata shida na wewe.

Tuanze na hicho hicho unachokula kila usiku. Hispania wana chakula kinaitwa tortilla. Meksiko nako kuna mkate mwembamba wenye jina hilo, lakini hicho ni kitu kingine kabisa. Tortilla ya Hispania ni mbatata na mayai, ndugu wa damu wa chipsi mayai. Hata neno letu mbatata tumelipata kwa Wareno, na mbatata yenyewe asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, kwa hiyo Mhispania naye aliletewa kama sisi. Tofauti iko kwenye upikaji. Chipsi hukaangwa kwa moto mkali zikawa kavu. Mbatata za tortilla huivishwa polepole ndani ya mafuta mpaka zilainike, bila kubadilika rangi sana.

Menya mbatata 4 za wastani, zikate vipande vyembamba kama sarafu. Kata na kitunguu kimoja. Wahispania wenyewe wanabishana mpaka leo kama kitunguu kinafaa kutiwa, mimi natia. Mimina kikombe kizima cha mafuta kwenye kikaango, tia mbatata, kitunguu na chumvi, weka moto mdogo, na usiondoke. Utasikia vipovu vidogo, si kelele. Baada ya dakika 15 mpaka 20, bonyeza kipande kwa mwiko. Kikikatika chenyewe, zimeiva. Chuja mafuta yahifadhi chupani, utayatumia tena. Piga mayai 5, tia chumvi, mimina mbatata humo na uache bakuli dakika 10. Wengi wanaziruka dakika hizo, halafu wanalalamika kwamba tortilla yao imeachana, yai huku na mbatata kule.

Sasa pasha kijiko kimoja cha mafuta, mimina mchanganyiko wote, punguza moto. Kingo zikishikana na katikati bado panatikisika, chukua sahani bapa iliyo pana kuliko kikaango, funika nayo, weka kiganja juu yake na ugeuze kwa mkupuo mmoja. Usisimame katikati, hapo ndipo inapomwagika. Mara ya kwanza fanyia juu ya beseni, na shika mpini kwa kitambaa kikavu, maana mafuta yaliyobaki yanaweza kukumwagikia mkononi. Kisha itelezeshe irudi kikaangoni upande wa pili kwa dakika 3. Acha ipoe kidogo, ndipo ukate. Kesho yake asubuhi ukiila na boflo na chai ya rangi utanikumbuka.

Cha pili ni shakshuka. Watunisia wanaipika sana, na Afrika Kaskazini yote inaijua. Ukiitazama vizuri ni mchuzi wa tungule uliovunjiwa mayai. Unahitaji kitunguu kimoja, pilipili boga moja, punje 3 za thomu, tungule 6 zilizoiva, kijiko cha chai cha uzile uliosagwa, chumvi, pilipili kiasi chako, na mayai 3.

Hapa nataka tuelewane kuhusu kitunguu, kwa sababu hapa ndipo video za kwenye simu zinapowapoteza vijana. Mpishi anatia kitunguu, video inakatwa, kitunguu kimeshakuwa cha dhahabu. Wewe ukikaa na saa yako dakika 2 zimepita na kitunguu bado cheupe, unadhani umekosea, unaongeza moto, kinaungua pembeni na ndani kibichi. Mwanangu, kitunguu kinataka dakika 10, pengine 15, kwa moto wa chini ya wastani, na chumvi kidogo ili kitoe maji. Kikilainika na kikaanza kunukia utamu ndipo utie pilipili boga, halafu thomu, halafu uzile, na mwisho tungule. Thomu usiitie pamoja na kitunguu tangu mwanzo, itaungua kabla ya mwenziwe na kuleta uchungu.

Tungule nazo zipe dakika 15. Zitatoa maji mengi, yatakauka, na utaona mafuta yanajitenga juu. Alama hiyo unaijua tangu mtoto, umewasikia mama na bibi wakisema mchuzi umeiva, mafuta yamepanda. Hapo toboa vishimo vitatu kwa mgongo wa kijiko, vunjia yai katika kila kimoja, funika, na ngoja dakika 5 hadi 6 mpaka ute uwe mweupe na kiini kibaki laini. Ukitaka kiini kigumu, ongeza dakika. Kula na mkate wa ajemi wa moto. Mwezi wa Ramadhani hiki ni chakula kizuri sana cha daku, kwa sababu mchuzi unaweza kuupika usiku mapema, ukiamka unaupasha na kuvunja mayai tu.

Cha tatu, tambi. Wewe unajua tambi za Iddi, zilizokaangwa zikapikwa kwa sukari na iliki mpaka zikalainika. Mtaliano anataka kinyume chake: tambi ndefu, za chumvi, zenye ugumu kidogo katikati zinapoumwa. Ile ya watu wa Napoli inaitwa aglio e olio, maana yake thomu na mafuta, na kweli hakuna zaidi ya hivyo na pilipili kavu. Kanuni yao ya maji ni rahisi kuikariri: gramu 100 za tambi, lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi. Kwa mtu mmoja inatosha. Chumvi itaonekana nyingi, lakini nyingi humwagwa pamoja na maji.

Wakati tambi zinachemka, kata punje 3 za thomu vipande vyembamba, ziweke kwenye mafuta yakiwa bado baridi, ndipo uwashe moto mdogo. Zikianza tu kugeuka rangi ya asali, tia pilipili na uondoe motoni. Onja tambi dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kabla hujazichuja, chota kikombe kimoja cha yale maji meupe. Maji yale yana wanga uliotoka kwenye tambi, na wanga ndio unaoyashikanisha mafuta na maji yakawa mchuzi mwepesi badala ya kuteleza chini ya sahani. Tia tambi kwenye kikaango, mimina maji kidogo kidogo, koroga kwa nguvu dakika moja. Mafuta ya zaituni ndiyo yenyewe hasa. Chupa ndogo itakupa milo mingi, na pesa unayoiacha kibandani kwa wiki inatosha kuinunua.

Adesi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni chakula kisichoweza kukushinda. Kikombe kimoja cha adesi nyekundu, zioshe mpaka maji yawe safi, vikombe 3 vya maji, nusu kijiko cha manjano, dakika 20 hivi. Zikishapondeka zenyewe, tia chumvi. Pembeni pasha mafuta, tia uzile mzima, thomu na pilipili kavu, na zikipasuka na kunukia mimina yote juu ya adesi. Wahindi wanapika hivi kila siku, na ukikamulia ndimu utakula na wali mweupe bila kutafuta samaki.

Wali utakaobaki ndio chakula cha tano. Indonesia wanauita nasi goreng, wali wa kukaanga, na wengi wanaula asubuhi, kama sisi tunavyokula mwiku. Sisi tuna deni kwa nchi hiyo: visiwa vyake vya Maluku ndiyo asili ya karafuu, hii inayoanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba yetu. Pasha mafuta sana, tia kitunguu na thomu, vunja yai ulikoroge, tia wali, kisha sosi ya soya kijiko kimoja na sukari kidogo sana, ili ufuate utamu wa sosi yao. Wali wa jana unafaa kuliko wa leo, umekauka na haushikani.

Lakini nisikilize kuhusu mwiku, hili nalisema kwa uzito. Wali uliopikwa una vijidudu vinavyostahimili kuchemka. Ukiuacha kwenye joto letu usiku kucha vinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe moto namna gani. Ukishakula usiku, tandaza uliobaki kwenye sinia upoe upesi, na kabla saa moja haijapita tangu ulipouepua uwe ndani ya friji ya jirani au ya mwenye nyumba. Kama huna pa kuuweka, pika wa kula siku hiyo tu. Uliolala mezani umwage, usiuonee huruma.

Utakutana pia na mapishi ya nje yanayotaka nyama ya nguruwe au divai. Utaona vijana wanauliza waweke nini badala yake. Ushauri wangu ni kuyaacha ukachague mengine. Dunia ina maelfu ya mapishi ambayo ni halali tangu asili yake, na mengi yana ladha ambazo ulimi wako unazijua. Soma pia karatasi ya nyuma ya sosi kabla ya kununua.

Vyombo usinunue vingi. Kikaango kimoja kizito kisichoshika, sufuria yenye mfuniko, ubao, mwiko, na kisu kikali. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakilazimisha. Na wakikuambia jikoni si mahali pa mwanamme, wapeleke Forodhani, pale panapouzwa vyakula vya kuchoma Mji Mkongwe, wakati wa magharibi wakaone ni akina nani wanaosimama mbele ya moto, au waulize nani anapika sufuria kubwa za biriani kwenye harusi nyingi walizoalikwa.

Nimempa mtu mzigo wako, atakuja na boti ya keshokutwa: adesi kilo mbili, uzile, manjano, na thomu za shambani. Tungule na mayai nunua Darajani au hapo mtaani kwenu. Anza na shakshuka. Ukishatia kitunguu nipigie, weka simu karibu na kikaango, usiseme kitu. Nikisikia kinapiga kelele nitakuambia upunguze moto.

Shangazi yako,
Chake Chake