Bruce Penhall alikuwa bingwa kwanza, mwigizaji baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee Bruce Penhall. Kila wanapotajwa wanamichezo waliogeukia uigizaji, Mmarekani huyu hupitiwa juu juu kama kijana mtanashati wa televisheni aliyewahi kuendesha pikipiki. Hajatendewa haki.

Mchezo wake ni spidwei: pikipiki nne, mizunguko minne, injini ya cc 500 inayotumia methanoli, gia moja, breki hakuna. Kwenye kona dereva huiachia tairi ya nyuma iteleze makusudi, usukani kaukatia kulia huku pikipiki ikienda kushoto, na mguu wa kushoto, wenye soli ya chuma, ukiburuzwa chini. Ukikosea kidogo tu, umeuvaa ukuta.

Penhall alitoka California akaenda Uingereza kuichezea klabu ya Cradley Heath, kwa kuwa ligi yenye ushindani ilikuwa huko. Mwaka 1981, katika fainali ya ubingwa wa dunia pale Wembley, uwanja ukiwa umefurika, aliwapiku Ole Olsen na Tommy Knudsen, kila mmoja katika mbio yake, hatua chache kabla ya mstari. Tangu Jack Milne mwaka 1937, hakuna Mmarekani aliyekuwa ametwaa taji hilo. Mwaka uliofuata akalitetea nyumbani, Los Angeles Coliseum, kwa pointi 14 kati ya 15.

Najua wapo wasiomsamehe kwa mbio ya 14 siku ile, mpinzani wake Kenny Carter alipoanguka wakigombea nafasi na mwamuzi akamwondoa Carter. Uamuzi ule nami naona una utata. Pointi zake nyingine, hata hivyo, hazina mgogoro.

Usiku huohuo, jukwaani, akatangaza anastaafu. Alikuwa na miaka 25. Akaingia kwenye tamthilia ya polisi wa pikipiki, CHiPs, akiigiza kuruta Bruce Nelson, na mwaka 1983 tamthilia ikafikia mwisho. Wanaomcheka kwa hilo wanasahau kwamba mchezo ule umewaacha wengi vilema, na wengine umewaua. Kuondoka ukiwa juu, mataji mawili mkononi na mwili mzima, ni uamuzi wa mtu aliyeijua kazi yake na hatari zake.

Ombi langu ni moja: mkimwandika tena, anzeni na Wembley. CHiPs iwe aya ya mwisho.

Msomaji wako,
Tanga