Kupika hakukiui chakula: tuulize kimeng'enya kipi, kinafanya kazi wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu dai linalorudiwa mno kwenye makala za afya na matangazo ya virutubisho. Dai lenyewe ni kwamba chakula kikipata moto wa zaidi ya nyuzijoto 40 na kitu za Selsiasi "kinakufa", maana vimeng'enya vyake (vichocheo vya kikemia vya viumbe hai, kama vile vya kuvunja chakula) vimeuawa, na kwamba mwili unabaki kukimeng'enya kwa akiba yake wenyewe mpaka akiba iishe na mtu augue. Baada ya hapo msomaji huambiwa ale kila kitu kibichi, au anunue vidonge.

Dai hili linaanza na jambo la kweli, na ndiyo maana linawanasa hata watu makini. Vimeng'enya ni protini. Protini ikipashwa moto hupoteza umbo lake, na kimeng'enya kisicho na umbo lake hakifanyi kazi. Vingi huharibika kati ya nyuzijoto 50 na 80. Anayetaka kuona kwa macho yake achemshe jelatini, aigawe kwenye bakuli mbili, moja aweke vipande vya nanasi bichi na nyingine nanasi lililochemshwa dakika chache, kisha aweke zote kwenye friji. Yenye nanasi lililochemshwa itaganda. Yenye nanasi bichi itabaki majimaji, kwa sababu bromelaini, kimeng'enya cha nanasi, inakatakata protini ya jelatini. Kwa hiyo vimeng'enya vya chakula kibichi vipo, na moto unavimaliza. Hilo halina ubishi.

Ubishi uko kwenye hatua inayofuata, ile inayorukwa: je, vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyotumeng'enyea chakula?

Mmea hautengenezi vimeng'enya kwa ajili ya tumbo la mlaji. Unavitengeneza ili tunda liive, mbegu ichipue na wadudu wafukuzwe. Kile kinacholifanya tofaa lililokatwa ligeuke rangi ya kahawia ni kimeng'enya pia, na hakimeng'enyi chochote kwa faida yetu. Tena, vimeng'enya vya mmea vikishamezwa huingia kwenye asidi ya tumbo, ambayo pH yake (kipimo cha ukali wa asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) wakati tumbo halina chakula huwa kati ya 1.5 na 3, na hapo vinakutana na pepsini, kimeng'enya cha tumbo ambacho kazi yake ni kukata protini. Kimeng'enya cha letusi ni protini kama protini nyingine: kinakatwa na kuliwa.

Watetezi wa chakula kibichi wana jibu, na ni haki kulisikiliza. Husema kwamba chakula hukaa sehemu ya juu ya tumbo kwa muda kabla hakijachanganyika na asidi. Ni kweli, amilesi, kimeng'enya cha mate, huendelea kuvunja wanga humo kwa muda. Lakini kazi kubwa haifanyiki hapo. Inafanyika kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga takriban lita moja hadi moja na nusu ya maji yake kila siku, yakiwa na bikaboneti ya kuzima asidi pamoja na tripsini ya kukata protini, lipesi ya kuvunja mafuta na amilesi. Hatua ya mwisho hufanywa na vimeng'enya vilivyoshikamana na ukuta wa utumbo wenyewe. Mchango wa jani la saladi katika mlolongo huo ni mdogo mno.

Na ile "akiba"? Dhana hiyo ilienezwa katika karne ya 20 na daktari wa Marekani, Edward Howell, aliyeamini kwamba mtu huzaliwa na kiasi maalumu cha uwezo wa kutengeneza vimeng'enya, na kwamba akikitumia vibaya anafupisha maisha. Fiziolojia haioneshi hivyo. Kimeng'enya hakimaliziki kwa kuvunja chakula. Molekuli moja hurudia kazi ile ile mara nyingi sana. Kikichakaa, seli hutengeneza kingine kutokana na asidi amino za chakula tunachokula. Kongosho lenyewe lina ziada kubwa: kwa kawaida mafuta hayaanzi kupotea kwenye choo mpaka utoaji wa lipesi ushuke chini ya asilimia 10 ya kiwango cha kawaida. Mtu mwenye kongosho zima hahitaji kusaidiwa na karoti.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye famasia. Wagonjwa ambao kongosho lao limeharibika, kwa mfano kwa uvimbe sugu au saistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwili kuwa mzito), hupewa vidonge vya vimeng'enya vya kongosho. Kwenye vidonge vingi vya aina hiyo, ndani ya kapsuli kuna chembe ndogo ndogo zilizopakwa ganda lisiloyeyuka kwenye asidi. Linayeyuka pH ikizidi takriban 5.5, yaani chembe zikishavuka tumbo. Ganda hilo lipo kwa sababu lipesi isiyo na ulinzi huharibiwa na asidi. Anayeuza unga wa vimeng'enya vya mimea na kuahidi kwamba "unafanya kazi mwilini mzima" aulizwe kwanza: unavukaje tumbo?

Sasa tutazame kupika kunafanya nini kwenye mmeng'enyo, maana hapa dai limegeuzwa juu chini. Mwaka 1998 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kipimo cha protini ya yai. Walitumia watu watano waliofanyiwa upasuaji wa kutoa mwisho wa utumbo mwembamba nje ya ngozi, hivyo mabaki yaliweza kupimwa kabla bakteria wa utumbo mpana hawajayagusa. Protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa takriban asilimia 91, ya yai bichi asilimia 51. Watu watano ni wachache, lakini tofauti ni kubwa na sababu yake inaeleweka: moto unaifungua protini iliyojikunja, nayo tripsini inapata mahali pa kukata. Ute mweupe mbichi una pia avidini, inayoshika vitamini ya biotini na kuizuia isifyonzwe. Wanga ni vivyo hivyo. Punje zake mbichi zimebana. Zikipata maji na joto la kati ya nyuzijoto 60 na 80 hivi huvimba na kufunguka, ndipo amilesi inapenya.

Maharage mekundu nayataja peke yake kwa sababu hapa ubichi unadhuru. Yana lektini, protini yenye sumu, iitwayo faitohemaglutinini; maharage manne au matano mabichi yanatosha kumletea mtu kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu. Yalowekwe angalau saa 5, maji yamwagwe, yawekwe maji mapya na yachemke kwelikweli, nyuzijoto 100, kwa dakika 30. Makosa hutokea kwenye vyungu vya umeme vya moto mdogo: maharage yanalainika, mpishi anaona yameiva, kumbe joto halikufika 80 na sumu inaweza kuwa imeongezeka kuliko ya maharage mabichi. Kulainika si kipimo. Yachemshwe kwanza kwenye sufuria, ndipo yahamishiwe chungu hicho.

Wanaoloweka mbegu na kula michipuko mibichi wakidhani wanaongeza vimeng'enya wakumbuke pia Ujerumani mwaka 2011, ambapo bakteria wa E. coli aina ya O104:H4 kwenye michipuko ya uwatu waliua zaidi ya watu 50. Unyevu na uvuguvugu unaoichipusha mbegu unawazidisha na bakteria.

Kupika kuna hasara zake, na mtu mkweli lazima azitaje. Vitamini C na foleti (aina ya vitamini B) huyeyukia kwenye maji na kuharibiwa na joto. Vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa zaidi ya nyuzijoto 120 hadi viwe vya kahawia iliyokolea hutoa akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Nyama iliyoungua ina kemikali zisizotakiwa. Lakini hasara na faida hupimwa pamoja. Katika kipimo kimoja cha nyanya kilichochapishwa mwaka 2002, zilizopashwa nyuzijoto 88 kwa dakika 30 zilipoteza asilimia 29 ya vitamini C, na kiasi cha likopini (kirutubisho kinachoipa nyanya wekundu) kilichoweza kupatikana kikapanda kwa zaidi ya asilimia 160. Anayetaja nambari ya kwanza akaficha ya pili hajatoa taarifa nzima. Mboga za majani zipikwe kwa mvuke au maji kidogo, kwa muda mfupi, na maji hayo yaliwe.

Kuna mahali ambapo kimeng'enya cha chakula kibichi kina kazi ya kweli. Kitunguu saumu kikipondwa, kimeng'enya chake hutengeneza alisini, kemikali yenye harufu yake kali. Kiache dakika 10 kabla ya kukitia motoni. Brokoli ina kimeng'enya kiitwacho mirosinasi kinachotengeneza salforafani, kemikali inayodhaniwa kuwa na faida kwa afya. Ikatwe mapema na ipikwe kwa mvuke dakika chache tu, au ikishaiva inyunyiziwe unga wa haradali, ambao una mirosinasi yake. Kazi hiyo hufanyika kwenye ubao wa kukatia, sahanini na mdomoni, kabla ya asidi. Mtindi wenye bakteria hai nao humsaidia kweli mtu asiyemeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa sababu laktesi, kimeng'enya cha kuivunja, imo ndani ya seli ya bakteria na inavuka tumbo ikiwa imelindwa. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda hauna msaada huo. Katika mifano hii yote tunajua kimeng'enya ni kipi, kinavunja nini, na kinafika vipi mahali pa kazi. Dai lisilojibu maswali hayo matatu halifai kumtoa mtu fedha.

Wapo wanaosema walianza kula vibichi na wakapata nafuu. Siwapingi. Aliyeacha soda, pombe, vitafunio vya kukaanga na sukari, akaongeza nyuzinyuzi na kupunguza uzito, ana sababu nyingi za kujisikia vizuri, na hakuna hata moja inayohitaji vimeng'enya. Kwa wanaokula vibichi peke yake kwa miaka, utafiti wa Giessen, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta robo ya wanawake wakiwa na uzito pungufu, na karibu asilimia 30 ya walio chini ya miaka 45 hedhi zao zikiwa zimevurugika au zimekoma. Wafuasi wengi wa lishe hiyo walikutwa pia na upungufu wa vitamini B12. Mjamzito, mtoto na mwenye mwili uliokonda wasijaribu lishe hiyo kabisa.

Mwenye choo cha mafuta, kinachoelea na kunuka kupita kiasi, huku uzito ukishuka, asianze na vidonge vya dukani. Aende hospitali aombe kipimo cha elastasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye choo. Chini ya mikrogramu 200 kwa gramu kunatia shaka, chini ya 100 ni dalili nzito. Akithibitishwa, mtu mzima huanza kwa kawaida na yuniti 25,000 hadi 50,000 za lipesi katika mlo mkubwa, na nusu ya hizo kwa vitafunio. Kapsuli humezwa mlo unapoanza na nyingine katikati ya mlo, si kabla wala baada, kwa sababu lazima zisafiri pamoja na chakula. Zisitafunwe: ganda likivunjika mdomoni, dawa inaunguza fizi, na inayobaki inaharibiwa na asidi.

Mtaalamu wa lishe