Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tulivyoongea na wagonjwa wetu

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya fedha atayaeleza mhazini, mimi naenda kwenye ile ishu tuliyoipa uzito mwaka huu, yani jinsi sisi watu wa usingizi, tunaowapa wagonjwa dawa za usingizi na ganzi kwa ajili ya operesheni, tunavyoongea na mgonjwa.

Nianze na kosa langu. Kuna mama alikuwa kwenye listi ya operesheni za asubuhi, jioni ya kabla yake nikapita wodini nikamwambia mama kuanzia saa sita usiku usile kitu, akaitikia, nikaondoka. Asubuhi kaletwa thieta namuuliza umekula, sijala daktari, basi nesi akauliza na kunywa je, akasema nimekunywa uji wa maziwa saa moja. Uji hauliwi, unanywewa! Mama wa watu hakudanganya hata kidogo, mimi ndo niliongea vibaya, na bila yule nesi angeweza kutapika akiwa usingizini uji ukaingia kwenye mapafu. Operesheni ikaahirishwa. Ndo maana tukakubaliana tutaje vitu kwa majina: ugali, uji, chai ya maziwa mwisho masaa sita kabla, maji matupu mwisho masaa mawili.

Alafu hili neno nusu kaputi, yani kulazwa usingizi wa operesheni. Watu wameshalizoea lakini kuna wanaosikia hiyo nusu wanaona kama wanapelekwa nusu ya kufa, na hawasemi, wanakaa kimya tu presha inapanda. Waliojaribu kumuuliza mgonjwa kwanza "umesikia nini kuhusu usingizi?" wanasema hapo ndo yanatoka yote, jirani kamwambia ukichomwa sindano ya ganzi mgongoni utaumwa kiuno maisha yako yote na kadhalika. Mjibuni kwa ukweli, pamoja na kile kichwa ambacho baada ya sindano ya mgongo kinaweza kuuma sana akikaa au kusimama, ajue aseme mapema.

Na maneno yenyewe yanauma jamani. Marekani ulitoka utafiti mwaka 2010, wanawake 140, wakati wa ganzi ya ngozi kabla ya sindano ya mgongo wengine wakaambiwa utasikia kama nyuki mkubwa kakuuma, wengine wakaambiwa tunakuwekea ganzi usisikie maumivu, wa nyuki wakaumia zaidi na sindano ni ile ile. Kumbukeni pia mama wa spaino, yani aliyechomwa hiyo ganzi ya mgongo, yuko macho, kila tunachoongea juu ya kichwa chake anakisikia.

Tulikokwama ni wagonjwa wa dharura na wazee wasiojua Kiswahili, tunawategemea ndugu zao watafsiri na mengine yanapotea njiani. Mwenye njia iliyomsaidia wodini kwake ailete kwa katibu, tutaanza nayo kikao kijacho.