Nyoka uliyeniachia

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na boa wako wa upinde wa mvua naye hajambo sasa. Nasema sasa kwa sababu wiki mbili zilizopita alinitia hofu, na ni heri uyasikie kutoka kwangu.

Uliponiachia ulisisitiza unyevu: usishuke chini ya asilimia 75. Mimi nikashika la joto tu. Nikampandishia taa, nikaacha kifuniko wazi apate hewa. Macho yake yakawa na ukungu wa buluu, baada ya siku chache yakatakata, nikangoja ajivue gamba. Likatoka vipande vipande. Kipande kimoja kikang'ang'ania mkiani, kingine juu ya jicho la kushoto. Nilipotazama kipima unyevu kilisoma 48. Moyo uliniuma, mwanangu, maana ulikuwa umeniambia.

Mkono ulitaka kubandua lile la jicho. Namshukuru Mungu nilijizuia, kwa kuwa ukilivuta unaweza kuliharibu jicho lenyewe. Nikatoboa mlango kwenye kopo kubwa la plastiki, nikatandika taulo lililoloa maji ya uvuguvugu, akaingia akajikunja humo usiku kucha. Asubuhi nikamwacha apite taratibu katikati ya kitambaa kibichi, na la mkiani likabaki mkononi mwangu. La jicho lilitoka siku ya tatu, alipojisugua kwenye gogo. Joto nimelirudisha: nyuzi 29 upande wa taa, 24 upande wa pili. Huyu si nyoka wa jangwani, asili yake ni misitu ya Amazon, na joto kali humdhuru upesi kuliko nilivyodhani.

Sasa nikueleze nililoliona. Siku ile nilimtoa nikakaa naye karibu na dirisha. Ukimtazama kivulini ni kijivu na weusi, zile duara za mgongoni kama zimechorwa kwa mkaa. Alipojigeuza kwenye jua, ubavu mzima ukapita kijani, buluu, zambarau, kisha ukazima. Nikashangaa, kwa sababu ulinieleza kwamba aneri kama yeye amezaliwa bila ile rangi nyekundu ya wenzake. Kumbe upinde wa mvua haumo kwenye rangi ya ngozi kabisa. Juu ya magamba kuna mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo inayoutawanya mwanga, kama unavyotawanyika kwenye uso wa sidii. Ndiyo maana hata huyu wa kijivu hakunyimwa. Na gamba likiwa jipya ndipo anapong'aa zaidi.

Kuhusu jike unayetaka kumtafutia. Sikukatazi. Ila ili mtoto azaliwe aneri kama yeye, jeni hiyo lazima airithi kwa baba na mama, kwa hiyo jike wa kawaida asiyeibeba atakuzalia watoto wekundu watupu, na hapo ndipo wafugaji wengi hushawishika kupandisha ndugu kwa ndugu. Hilo sitaki lifanyike nyumbani kwangu. Tena boa huyu hatagi, anazaa watoto hai, na mzao mmoja unaweza kupita kumi. Wadogo hao wanauma, na kila mmoja anataka kisanduku chake, unyevu wake, panya wake. Nyoka wa aina hii huishi hata miaka 20 na zaidi. Kabla hujaleta jike, niandikie nani atamchukua kila mtoto.

Jana usiku alikula panya, niliyemyeyusha barafu polepole kama ulivyonifundisha. Sitamshika mpaka keshokutwa, chakula kitulie. Lile gamba nimelikausha, limo kwenye bahasha ndani ya droo yako, pamoja na kile kipande cha jicho. Kidogo, cha mviringo, kinapitisha mwanga kama kioo. Usikishike kwa nguvu.

Mama yako