Motokari ndogo ya zamani na remorki ya kambi: angalia kusimama kabla ya kuvuta

Kila mwaka mvua inapokatika hapa Lubumbashi, wateja huanza kutuletea remorki (trela) ndogo za kambi ili tufunge krosheti, yaani ndoano ya kuvutia, nyuma ya motokari zao za zamani. Wengine wanaelekea Likasi, wengine ziwa Tshangalele, wengine shamba la ndugu tu. Swali la kwanza ni lilelile: «Fundi, Coccinelle yangu itaweza kuvuta hii?»

Itaweza. Coccinelle (ile Volkswagen ya mgongo wa kobe) ya 1200 yenye nguvu za farasi 34, au Renault 4, itaondoa remorki ya kilo 300 pale iliposimama na kuifikisha Likasi. Sisi tunataka utuulize jambo lingine: je, motokari yako itaweza kuisimamisha, na je, remorki itabaki imenyooka nyuma yako lori kubwa likikupita? Ajali za remorki zinaanzia hapo, na hapo ndipo tunapokaa muda mrefu na mteja kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Tuanze na uzito. Remorki ndogo nyingi hazina breki zake zenyewe. Breki nne za motokari zinabeba kazi yote. Kwa remorki kama hizo tunafuata kanuni ya Ulaya: uzito wake pamoja na mizigo usizidi nusu ya uzito wa motokari ikiwa tupu. Coccinelle ya miaka ya 60 ina karibu kilo 750, kwa hiyo mwisho wako ni kilo 375. Renault 4 ni nyepesi zaidi, nusu yake ni kilo 300 na kitu. Kitabu cha motokari kikitaja kiasi kidogo kuliko hicho, fuata kitabu.

Sasa piga hesabu ya safari ya familia. Remorki tupu, kilo 220. Bidon (madumu) tatu za maji za lita 20, kilo 60. Gunia la makala (makaa), tuseme 50. Hema na magodoro, 60. Vyakula, sufuria na sanduku la barafu, 40. Umefika kilo 430 na bado hujaweka nguo za watoto. Ushauri wetu ni kuacha maji na makala nyumbani. Makala yanauzwa kando ya barabara ya Likasi, na bidon tupu hazina uzito; zijaze ukishakaribia mahali pa kulala. Kwa mambo hayo mawili tu umeshuka hadi 320.

Jambo la pili ndilo wengi hawalijui, nalo ni uzito wa pua, yaani mkono wa remorki unavyokandamiza krosheti. Mizigo mizito ikirundikwa nyuma ya ekseli, pua inakuwa nyepesi, na remorki inaanza kupiga mkia kushoto na kulia. Mwanzoni ni kidogo. Ukiongeza mwendo kidogo tu, inakua yenyewe, na motokari nyepesi haina uzito wa kuituliza. Pua inatakiwa kubeba kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa remorki. Kwa remorki ya kilo 320 ni kilo 16 hadi 32. Sisi tunalenga 22 au 23.

Kuipima hakuhitaji garaji. Simamisha remorki iliyokwisha kupakiwa kwenye sakafu iliyo sawa, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Chukua mizani ya kujipimia uzito wa mwili, weka juu yake kipande cha mbao kilichokatwa kwa urefu ule ule wa krosheti ya motokari yako, kisha teremsha pua ya remorki juu ya mbao hiyo. Soma. Mizani ikionyesha kilo 8, sogeza bidon au sanduku la vyombo mbele kidogo, soma tena. Ikionyesha 45, rudisha nyuma. Tumeona mteja akihamisha sanduku moja la sufuria kwa urefu wa mkono, na mizani ikaruka kutoka 10 hadi 21. Ukishapata mahali pazuri, piga chaki sakafuni mwa remorki ili wakati wa kurudi upakie vilevile.

Hapa aina ya motokari ina maana. Coccinelle imebeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma. Pua nzito inainua mbele yake na usukani unakuwa mwepesi mno. Renault 4 inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiilemea nyuma, yale ya mbele yanateleza kwenye kilima cha udongo mwekundu. Kwa zote mbili kaa upande wa chini wa vipimo, bila kushuka chini ya asilimia 5.

Krosheti yenyewe hatuifungi kwenye bampa, hata mteja akisisitiza. Bampa ya motokari ya miaka 60 ni bati. Tunaifunga kwenye chasi, kwa bamba la chuma ndani na boliti zenye alama 8.8 kichwani. Tukikuta chasi imeliwa na kutu, tunarekebisha hiyo kwanza au hatufanyi kazi. Minyororo ya usalama ni miwili, nayo hupishana chini ya mkono wa remorki, ili krosheti ikifunguka pua idakwe kabla ya kugusa lami.

Taa nazo. Coccinelle nyingi za kabla ya 1967 zina umeme wa volti 6, na remorki zinazotufikia zina balbu za volti 12. Ukiziunganisha hivyohivyo zitawaka kama makaa yanayozimika, na dereva wa lori nyuma yako hataona kwamba umekanyaga breki. Tunabadilisha balbu, pamoja na kile kidude cha kumeta cha viashiria.

Remorki na karavani zinazotoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa zina jambo jingine. Kule wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango uko kushoto. Huku kwetu tunaendesha kulia, na mlango ule unafungukia barabarani, kwenye malori. Ukisimama njiani watoto wateremke, ondoka kabisa barabarani. Tafadhali sana, wazazi.

Kuhusu mwendo: kilomita 60 kwa saa, 70 barabara ikiwa nzuri na tupu. Kwenye 80 breki zinapaswa kumeza nguvu karibu mara 1.8 ya ile ya 60, na breki za ngoma zikipata moto zinalegea. Kabla ya mteremko, rudi gia ya chini na uiache injini ishike. Mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa miaka mingi yamenyonya maji na yatachemka upesi. Hayo tunayabadilisha kwa kila motokari itakayovuta.

Kwenye kupanda, mwenye Coccinelle asing'ang'anie gia ya nne. Injini inapozwa na feni, na feni inazunguka kadiri injini inavyozunguka. Gia ya tatu yenye mzunguko mzuri inapoza kuliko ya nne inayokoroma. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka njiani, simama papo hapo: mkanda ule ule ndio unaozungusha feni. Kumbuka pia kwamba Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi, na injini imeshapoteza karibu moja ya kumi ya nguvu yake kabla hujapakia kitu.

Lori la shaba likikupita, upepo wake utakusukuma kwanza kisha utakuvuta. Shika usukani imara bila kupambana nao. Remorki ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na uache mwendo ushuke. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usijaribu kuinyoosha kwa kuongeza mwendo.

Baada ya kilomita 20 za kwanza, simama na uguse katikati ya kila gurudumu la remorki. Vuguvugu ni sawa. Likikuunguza, bearingi haina grisi au imebanwa mno. Tazama pia tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za remorki huzeeka zikiwa zimesimama, na tukikuta zimepasuka ubavuni hatuangalii kama meno bado yapo.

Ukija kwetu, leta motokari, remorki, na vitu vyote unavyotaka kupakia, hata kama ni magodoro. Tutapima mbele yako. Krosheti pamoja na umeme ni kazi ya siku mbili, na mwezi wa sita na wa saba foleni ni ndefu, kwa hiyo afadhali ufike mapema.