Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Fedha za Diwani ya Mashairi, Tasnifu Tatu na Ada Zisizolipwa

Ndugu Katibu, Ndugu Mhazini, wazee wetu, ndugu wanachama.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Katiba ya chama chetu cha wapenzi wa fasihi inanitaka nitoe taarifa hii kila mwaka, nami naitoa. Nimeona niisambaze mapema kwa maandishi ili hata wale ambao siku ya mkutano mkuu watakuwa na dharura, na dharura hazikosekani, wapate kuisoma.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Vikao vya kila mwezi vilifanyika, isipokuwa Agosti na Novemba ambapo akidi haikutimia. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, tuliiadhimisha hapa Mtwara mjini kwa mashairi na mdahalo wa wanafunzi. Tuliwapeleka vijana wa kidato cha tatu Mikindani wakaliona boma la Wajerumani. Tulifiwa na mwanachama mmoja, tukashiriki mazishi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mengine yamo kwenye mihtasari kwa Katibu.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa sana vibarazani, likasemwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na nasikia limefika hadi Masasi. Fedha za diwani.

Kwa faida ya wasiojua, mfuko wa kuchapisha diwani, yaani kitabu cha mashairi ya wanachama, ulikuwa na shilingi 1,930,000. Mwezi Machi Kamati Tendaji ilijadili ombi la wanachama wetu watatu wanaosoma shahada ya uzamili katika fasihi, walioomba kusaidiwa gharama za kukusanya data uwandani. Wajumbe watatu waliunga mkono, watatu walipinga. Ibara ya 14 ya katiba inampa mwenyekiti kura ya uamuzi. Niliipiga. Kila mmoja alipewa shilingi 300,000, jumla 900,000. Huo ndio ukweli wote, na wanaosema kwamba mwenyekiti "amechota" fedha waje waone vitabu vya mhazini.

Wazee wetu watatu waliniandikia barua kuupinga uamuzi huo, na barua yao ina hoja nne. Nitazijibu kwa heshima zote, maana wawili kati yao walinifundisha.

Hoja ya kwanza ni kwamba mada za vijana hawa "si fasihi". Mmoja anachunguza nyimbo za unyago za Wamakonde wa Tandahimba. Wa pili anachunguza majina na maandishi kwenye vyombo vya baharini na kwenye bajaji. Wa tatu anachunguza tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ile iliyotoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Huyo wa tatu hakuna aliyemgusa, kwa sababu Gurnah ana Nobeli ya mwaka 2021. Waliotukanwa ni wawili wa mwanzo, na yule wa vyombo mpaka leo anaitwa "Profesa wa Bajaji".

Barua inasema mwanafunzi wa uzamili asome Shaaban Robert. Naafiki, asome, na asiyemsoma asijiite mwanafasihi mbele yangu. Lakini Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, na baada yake wamefuata wengi. Anayekwenda leo kwa msimamizi na pendekezo la utafiti, swali la kwanza analoulizwa ni moja: pengo liko wapi, yaani ni jambo gani ambalo waliotangulia hawajalichunguza? Ukijibu "dhamira katika kitabu fulani" bila pengo, unarudishwa ukaandike upya. Ndiyo maana vijana wanakwenda kutafuta huku na huku. Wengine wanahakiki riwaya pendwa za upelelezi na mapenzi, zile ambazo sisi walimu tulikuwa tukiwanyang'anya wanafunzi. Wengine wanatazama namna watu wenye ulemavu wanavyosawiriwa, au mazingira, au fasihi ya watoto, au mashairi ya bongo fleva. Wengine wanalinganisha tenzi zetu na za mataifa mengine. Uwanja wenyewe ndivyo ulivyo siku hizi. Sikuupanua mimi.

Wala haukupanuka jana. Mwaka 1968, katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake kingekuwa fasihi ya Kiafrika, na fasihi simulizi ikiwemo. Walipingwa vilevile, na naamini wako waliosema hadithi za bibi hazina kiwango cha chuo kikuu. Leo fasihi simulizi iko kwenye mtihani wa kidato cha nne, na mmoja wa wazee walioniandikia ameifundisha kwa miaka mingi. Nenda mbali zaidi: Mmarekani Milman Parry, ili azielewe tenzi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, alifunga safari miaka ya 1930 hadi Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wasiojua kusoma wala kuandika. Homer mwenyewe alieleweka vizuri zaidi kwa sababu ya watu hao. Sasa kama mwimbaji wa Yugoslavia ni halali, mama wa Tandahimba ana kosa gani?

Na kwa kusini hii aibu ingekuwa yetu. Utenzi wa Vita vya Maji Maji ni kazi ya Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, na ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Ebrahim Hussein aliyeandika Kinjeketile, tamthilia iliyotoka mwaka 1969 kuhusu vita hivyohivyo, amezaliwa Kilwa. Mmoja aliandika kwa vina na mizani, mwingine akaacha vina akaenda jukwaani. Laiti Kilwa kungekuwa na kamati kama yetu, nina wasiwasi Hussein angeambiwa tamthilia yake si fasihi kwa sababu haina beti.

Kuhusu vyombo. Nilimsindikiza kijana ufukweni, kwa nauli yangu. Alinionesha mashua iliyouzwa mara mbili. Jina la tajiri mpya limepakwa rangi ya bluu juu ya jina la zamani, lakini ukiinama karibu na ubao unaziona herufi za kwanza zimejitokeza chini, na chini yake tena kuna mstari wa aya. Anawauliza wavuvi nani alilichagua jina, lilikuwa likimjibu nani, na kwa nini tajiri mpya alilifuta jina la mwenzake lakini aya akaiacha. Mambo ya nafsineni (yule anayesema ndani ya matini), hadhira, muktadha, yote mnayoyafundisha darasani yamo pale. Tofauti ni kwamba matini yenyewe inanuka samaki.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siidharau: kwamba nyimbo za unyago ni siri, na chama kimefadhili kuzianika. Mtafiti alipita njia zote: barua ya utambulisho ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala, halmashauri, mtendaji wa kijiji. Hizo ni za serikali. Kibali chenye uzito kilikuwa cha nyakanga, mkuu wa unyago, na huyo hakusaini karatasi. Alikaa na binti, mtafiti wetu, jioni mbili tatu akamwambia zipi ni za ndani, zipi za uwanjani. Za ndani hazikurekodiwa kabisa. Za uwanjani zimerekodiwa kwa simu, zikaandikwa neno kwa neno kwa Kimakonde, halafu zikafasiriwa kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na hapo ndipo penye kazi: wimbo wa dakika tatu unaweza kula siku nzima, maana kila akina mama wawili wanakupa tafsiri tatu.

Waliokuwepo kwenye kikao cha Juni watakumbuka. Binti alicheza wimbo mmoja kwenye spika ndogo. Sisi walimu tulikuwa bado tunapekua kabrasha kutafuta ukurasa, tukasikia akina mama wawili waliokuja kututengenezea chai wameuitikia kutoka mlangoni, birika mkononi, na walipofika kiitikio cha pili wakamsahihisha: hapo si hivyo, kwetu Newala tunasema vingine. Mjadala ulihama mezani ukaenda mlangoni. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilikuwa kikao bora cha mwaka, na wazee walioandika barua hawakuwepo.

Hoja ya tatu inanihusu mimi. Imesemwa mtafiti huyo wa unyago ni mpwa wangu. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, simkani. Mimi ni mjomba, na kusini hii mnajua mjomba ni nani: ana wajibu kwa mtoto wa dada yake. Lakini wajibu wangu wa ujomba nauitimiza kwa mfuko wangu, na ada yake ya chuo aulizwe mama yake nani aliilipa. Maombi yalikuja matatu, yakapita matatu. Ingekuwa yamekuja kumi nikachagua la mpwa wangu, hapo mngekuwa na neno. Na nakumbusha kwamba tangazo la maombi lilikaa kwenye kundi majuma mawili. Walioliona waliweka alama ya dole gumba, basi.

Hoja ya nne: diwani je? Diwani ilikuwa iwe na mashairi 60 ya wanachama. Tangu tuombe mashairi tumepokea tisa, kutoka kwa wanachama wanne, na moja ni la kumsifu mgombea. Mchapaji anataka shilingi 2,600,000, fedha ambayo hatukuwa nayo hata kabla ya Machi. Kwa hiyo fedha ilikaa benki ikikatwa makato ya mwezi. Mimi nikaona bora izae tasnifu. Na tasnifu zote tatu zitawekwa nakala kwa Katibu, kila mwanachama akazisome. Hilo waliahidi kwa maandishi, na ni mimi niliyedai waandike.

Sasa mahudhurio na ada, na hapa nisameheni nitasema bila kuzunguka.

Daftari lina wanachama 61. Kikao kikijaa sana tunakuwa 20, na vingi vilikuwa chini ya 15. Waliolipa ada ya shilingi 24,000 ni 23, yaani tumepata 552,000 badala ya 1,464,000. Tukijumlisha na mfuko wa awali ni 2,482,000. Matumizi: watafiti 900,000, ukumbi na chai 214,000, mengineyo 187,500. Salio 1,180,500. Mhazini atafafanua hayo "mengineyo", ingawa naweza kuwahakikishia hakuna nauli yangu ndani yake.

Kila mwaka naambiwa nisubiri korosho. Nimesubiri. Mnada wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, vyerehani vya mjini vikakesha vikishona, pikipiki mpya zikaonekana barabara ya Tandahimba. Wanachama wenye mashamba tunawajua, ni wenzetu. Ada haikuja. Na wenye mshahara wa serikali, ambao hawana msimu, hao nao wananiambia wanasubiri korosho! Shilingi 2,000 kwa mwezi ni soda mbili tatu. Jambo la kushangaza ni kwamba kati ya waliopiga kelele kubwa zaidi kuhusu fedha za diwani, mhazini ameona wengi hawajachangia hata senti ya mfuko huo mwaka huu. Sitaji majina. Orodha itabandikwa mlangoni.

Wale watatu waliopewa fedha wamelipa ada zao kamili. Naliweka hilo kwenye kumbukumbu.

Kuhusu mwaka ujao, Mungu akipenda, tuna nia ya kuendelea na diwani pale mashairi yatakapopatikana. Tunatarajia pia kuanzisha maktaba ndogo, tukipata chumba, na kuzungumza na vyuo vyenye matawi hapa mkoani ili wanafunzi wa uzamili wawasilishe kazi zao kwetu kabla ya kuzitetea. Yupo mwanachama anayetaka kutafuta ni riwaya zipi za Kiswahili zimeigusa Mtwara ya gesi na bandari. Bado anahangaikia pendekezo lake, na nimemwambia asiombe fedha kwanza. Safari ya Kilwa Kisiwani iliyoahirishwa inabaki kwenye mpango, itategemea michango.

Muda wangu wa uongozi unaisha mwakani. Nimesikia wapo wanaojipanga, na karibuni sana, kiti hiki hakina posho. Wakumbuke tu ibara ya 9: mwenye deni la ada hagombei wala hapigi kura.

Ada zitapokelewa na mhazini kuanzia saa mbili asubuhi siku ya mkutano, kabla ya chai. Stakabadhi zipo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Mtwara